Mawe Matano, Sayari Sita: Tunavyoihukumu Mbingu kwa Vichache

Hotuba kwa walimu wa sayansi na hisabati, wanafunzi wa kidato cha tano na sita na wakazi wa Tanga

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimealikwa nizungumze juu ya takwimu na nyota. Nawaona walimu wenzangu mbele, nawaona wanafunzi, na kule nyuma nawaona wazee watatu wanne ambao nahisi wamefuata feni kuliko takwimu. Karibuni sana, feni ni yenu. Wenyewe mnasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini mimi nimekuja jana na basi langu ni la kesho, kwa hiyo tutakwenda taratibu.

Naanza na jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, jiwe lilianguka kutoka angani karibu na Ivuna, jirani na Ziwa Rukwa, ambako leo ni Mkoa wa Songwe. Vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Hata kilo haifiki. Ni jiwe jeusi na laini, linavunjika kwa vidole, na ukilitia kwenye maji linamomonyoka. Kwa sura, ungelipita njiani usiliangalie mara mbili.

Jiwe hilo ni maarufu kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa. Wanasayansi wa vimondo wanavipanga katika makundi, na kila kundi limepewa jina la kimondo kimoja kinachowakilisha wenzake. Lipo kundi linaloitwa CI, na hiyo herufi I ni ya Ivuna. Mtafiti wa Tokyo au Houston anaitaja kata ya Wilaya ya Momba kazini kwake mwaka mzima, na sisi hapa nyumbani nikiuliza darasani mikono inabaki mezani.

Kwa nini watu wa mbali wahangaike na gramu 705? Kwa sababu ukipima mawe ya kundi hili, ukalinganisha chuma kilichomo na silikoni, magnesi na kalsiamu, hata dhahabu kidogo iliyomo, uwiano unaopata ni uleule unaosomwa kwenye mwanga wa Jua. Ukiacha haidrojeni, heliamu na vitu vingine vyepesi vilivyotoroka kama gesi, na pia lithiamu, ambayo Jua lenyewe limeiunguza, jiwe la Ivuna ni Jua lililopoa. Zipo elementi ambazo mwanga wa Jua hautuonyeshi vizuri, na kwa hizo wanaastronomia huchukua namba kutoka kwenye mawe haya. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba nyota fulani ina chuma mara mbili ya Jua, ujue nyuma ya sentensi hiyo kuna jedwali, na chini ya jedwali kuna mawe.

Sasa swali la mwalimu wa hisabati: mawe mangapi?

Vimondo vya kundi la CI vilivyoonekana vikianguka kisha vikaokotwa ni vitano. Alais, Ufaransa, mwaka 1806. Orgueil, Ufaransa hiyohiyo, 1864. Tonk, India, 1911. Ivuna, 1938. Revelstoke, Kanada, 1965. Vimondo vilivyoshuhudiwa vikianguka duniani ni zaidi ya 1,000, na katika hivyo vyote, vitano tu.

Wala si vitano kwa haki. Cha Revelstoke kilichookotwa ni kama gramu 1. Tonk haikufika gramu 10. Alais ilikuwa kilo 6 hivi, na Orgueil karibu kilo 14. Ukijumlisha uzito wote, theluthi mbili ni jiwe moja, Orgueil, na vipimo vingi vimefanywa juu ya hilo kwa sababu ndilo lililokuwapo la kutosha kugawana. Kwa hiyo anayeandika “wastani wa vimondo vya CI” kwa sehemu kubwa anaandika habari za mawe yaliyoanguka siku moja, usiku wa Mei, kwenye mashamba ya kusini mwa Ufaransa. Ukihesabu mawe unapata matano. Ukihesabu habari zinazotufikia, unakuta zinakaribia kuwa moja. Vijana, hili liandikeni: idadi ya sampuli ni idadi ya mashahidi wanaojitegemea. Mashahidi watano waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Hapohapo Songwe kuna jiwe jingine, na hili mnalijua: kimondo cha Mbozi. Chuma kitupu, tani 16 hivi. Tuseme mtu atoke mbali, afike Songwe, apime mawe yote yaliyoshuka kutoka angani mkoani humo. Atapata tani 16 za chuma na gramu 705 za udongo mweusi. Akirudi kwao ataandika kwamba mbinguni kumejaa chuma.

Atakuwa amekosea vibaya. Katika vimondo vinavyoonekana vikianguka, vya chuma ni takriban 5 katika kila 100. Lakini chuma hakivunjiki hovyo kinapopenya hewa, kinastahimili mvua za miaka na miaka, na mpita njia anakiona kwamba si jiwe la kawaida. Jiwe la aina ya Ivuna likishuka msituni masika, likanyeshewa, habari yake imekwisha. Hivyo uchache wa mawe ya CI mikononi mwetu hautuambii kwamba ni machache angani. Unatuambia kwanza habari za hewa, mvua, na macho ya watu.

Ushahidi ulikuja baadaye. Wajapani walipeleka chombo chao Hayabusa2 hadi kwenye asteroidi Ryugu, yaani mwamba unaolizunguka Jua, na Desemba 2020 kikarudisha gramu 5.4 za vumbi na changarawe. Walipozipima wakakuta ni ndugu wa Ivuna. Asteroidi ya kwanza ya aina hiyo kuletwa nyumbani, na tayari ni ya kundi lile lile “adimu”. Tena wakakuta jambo jingine. Mawe ya CI yaliyokaa miaka mingi kwenye makabati ya makumbusho yana chumvi za salfeti ambazo wataalamu walikuwa wamezisoma kama alama za maji yaliyotembea ndani ya jiwe angali huko angani. Vumbi la Ryugu, ambalo halikugusa hewa yetu, halina salfeti hizo. Zilikuwa unyevu wa hapa duniani. Wapo waliolishuku hilo tangu mapema, lakini ukiwa na mawe matano tu, na yote yamelala kabatini, utathibitishaje?

Watu wa Tanga hamhitaji asteroidi kulielewa hili. Mnaye silikanti. Desemba 1938 hiyohiyo, tarehe 22, siku sita tu baada ya Ivuna, samaki huyo ambaye ulimwengu uliamini alitoweka zamani za dinosaria alitambuliwa Afrika Kusini. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Kisha wengine Komoro, na wengine tena Komoro, mpaka ikazoeleka kwamba Komoro ndiko kwao. Kuanzia 2003 na 2004 wakaanza kunaswa Tanzania, na wengi wao hapa kwenu, kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu. Leo kuna hifadhi nzima ya bahari yenye jina lake. Je, samaki alihama Komoro akaja Kigombe? Hakuhama. Jarife ndilo lililoshuka mahali alipo. Ramani ya silikanti tuliyokuwa nayo ilikuwa ramani ya nyavu na ndoano za watu.

Basi hoja yangu ya leo ni hii. Sampuli ndogo ina maradhi mawili, na watu wanayachanganya. La kwanza ni bahati: vichache vinaweza kufanana au kupangika kwa nasibu tu. La pili ni wavu: vichache hivyo vilipitia njia fulani kutufikia, na njia ilichagua. Vitabu vya shule vinafundisha la kwanza sana, na dawa yake ni kuongeza idadi. La pili halitibiki kwa idadi. Ukitega wavu uleule pale pale, ukapata elfu badala ya kumi, umepata kosa lilelile kwa uhakika zaidi. Mimi naliogopa zaidi hilo la pili.

Mfano wa haraka, halafu tuendelee. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua, 51 Pegasi. Sayari kubwa, takriban nusu ya Mshtarii kwa uzito, inazunguka nyota yake kwa siku 4.2 tu. Miaka iliyofuata zikapatikana nyingine za namna hiyo. Mtu angedhani mifumo ya sayari ndivyo ilivyo, na sisi wa Jua ndio wa ajabu. Lakini mbinu ilikuwa kupima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari, na sayari kubwa iliyo karibu ndiyo inayoyumbisha sana, tena inamaliza mzunguko kabla mtafiti hajachoka. Leo tunajua sayari za aina hiyo zinapatikana kwenye nyota kama moja katika mia. Wavu, tena wavu wenye matundu makubwa.

Haya, turudi kwenye maradhi ya kwanza. Kila mwenye sarafu ya shilingi mia mbili aitoe. Asiye nayo aazime, na arudishe. Rusheni mara tano. Upande wa kichwa au upande wa simba, wenyewe mnajua. Aliyepata kichwa mara zote tano asimame.

(Ukumbi ulirusha sarafu kwa dakika chache. Walisimama wanne.)

Wanne. Makofi kwao. Tupo ukumbini kama mia moja, na uwezekano wa mtu mmoja kupata kichwa mara tano mfululizo ni 1 katika 32, kwa hiyo tulitarajia watatu hivi. Hakuna miujiza. Lakini tuseme ningewaita hawa wanne peke yao jukwaani, nisiwaambie ninyi wengine mlirusha. Mngeshuhudia watu wanne, marusho ishirini, vichwa ishirini. Uwezekano wake ni 1 katika milioni na zaidi! Hisabati hiyo ni sahihi kabisa, na hitimisho lake ni uongo mtupu, kwa sababu nimewaficha waliokaa. Kijana, ukisoma kwamba jambo fulani la angani lina uwezekano mdogo sana wa kutokea kwa nasibu, uliza waliokaa ni wangapi. Ni mifumo mingapi mingine mtafiti aliijaribu kwenye data hiyohiyo, ikakataa, akanyamaza?

Kaeni, asanteni.

Kisa cha zamani kinachonifurahisha zaidi ni cha umbali wa sayari. Mwaka 1766 Mjerumani Johann Titius aliona mpango fulani, na mwaka 1772 mwenzake Johann Bode akausambaza mpaka wengi wakauita kanuni ya Bode. Chukua 0, 3, 6, 12, 24, 48, 96. Ongeza 4 kila moja, gawanya kwa 10. Unapata 0.4, 0.7, 1.0, 1.6, 2.8, 5.2 na 10. Sasa pima umbali wa kweli kutoka kwenye Jua, ukiita umbali wa Dunia 1. Utaridi 0.39. Zuhura 0.72. Dunia 1. Mirihi 1.52. Mshtarii 5.20. Zohali 9.5. Sayari sita, zote zimekaa mahali pake, isipokuwa kwenye 2.8 hakuna kitu.

Mnasemaje, nasibu? Ngojeni. Mwaka 1781 William Herschel akagundua Uranusi. Kanuni ilisema sayari inayofuata iwe 19.6, na Uranusi iko 19.2. Basi watu wakaamini kwa moyo wote, wataalamu wa Ulaya wakagawana anga watafute iliyopotea kwenye 2.8. Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi, kule Palermo, akaona kitu kipya. Ceres. Umbali wake? 2.77.

Nawauliza kwa dhati, nani kati yetu asingeamini? Mimi ningeamini. Kanuni imebashiri mara mbili na mara mbili imepata. Halafu mwaka 1846 ikaja Neptuni. Kanuni inataka 38.8. Neptuni iko 30.1. Haikukaribia hata. Na Ceres nayo ikawa si sayari kamili, bali mmoja katika umati mkubwa wa asteroidi. La kuchekesha ni kwamba Le Verrier na Adams, waliokokotoa mahali pa kuitafuta Neptuni, walianza hesabu zao kwa kudhani umbali unaokaribia ule wa Bode. Kanuni mbovu ilisaidia kupata sayari iliyoiua kanuni.

Kilichotokea ni nini? Sayari hazipangwi zikasongamana, maana zikikaribiana sana zinavurugana, hivyo mapengo yanayopanuka kadiri unavyokwenda nje si ajabu. Ongeza hapo mtu mwenye akili, muda wa jioni, na uhuru wa kuchagua: nianze na 0 au 3? Niongeze 4 au 5? Kila uhuru kama huo ni sarafu nyingine anayoirusha faraghani. Ukiwa na namba sita na uhuru wa kutosha, mpango utaupata tu. Na wapo mpaka leo wanaosema Pluto iko 39.5, kwa hiyo turuke Neptuni, tuihesabu Pluto badala yake. Huko ndiko kumwambia aliyepata simba asimame, tutamhesabu kichwa.

Kuna mjadala wa siku zetu ambao umebeba maradhi yote mawili kwa pamoja. Januari 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown, wa Marekani, walionyesha kwamba vitu sita vya barafu vilivyo mbali sana kupita Neptuni vina njia zilizoelekea upande mmoja. Wakakokotoa kwamba nasibu ingeleta hali hiyo kwa uwezekano wa asilimia 0.007. Wakapendekeza kwamba kuna sayari ya tisa, kubwa, isiyoonekana, inayozichunga.

Vitu sita. Sasa fikirini vinavyopatikana. Vitu hivi vinaonekana tu vinapokaribia Jua, kwa sababu vikiwa mbali mwanga wao unafifia mno. Darubini haziangalii pande zote sawasawa: kuna misimu ya mawingu, kuna ukanda wa Njia Nyeupe ambako nyota zimejaa hata kitu kidogo kinachosogea hakitambuliki. Kwa hiyo hata vitu vikitawanyika sawasawa, vitakavyonaswa vitaonekana vimekusanyika pale darubini zilipotazama. Mwaka 2017 kundi jingine, lililokuwa limeandika kwa makini wapi walitazama na wapi hawakutazama, lilitoa vitu vyake vinane na kusema: tukihesabu upendeleo wa utafutaji wetu, hatuoni mkusanyiko wowote. Brown na Batygin hawakukaa kimya. Walirudia hesabu mwaka 2019 wakiwa na vitu 14 na wakiuhesabu wavu, wakapata asilimia 0.2. Bado ni ndogo, lakini ni karibu mara 30 ya ile ya kwanza. Wengine mwaka 2021 wakachukua vitu 14 vya tafiti tatu na wakasema mtawanyiko wa kawaida unatosha kuvieleza.

Mimi kwa upande wangu sijashawishika kwamba ipo, na wala siwacheki wanaoitafuta. Darubini mpya ya Rubin kule Chile itapiga picha anga ya kusini kwa miaka kumi, kwa ratiba iliyoandikwa wazi. Wavu wake utajulikana matundu. Ndiyo maana nitaamini zaidi itakachosema, hata kama kitakuwa kichache.

Sasa niwape namba mbili za kubeba mfukoni, sifuri na moja, kwa sababu astronomia inaishi hapo.

Mwanafunzi ametazama nyota 30 akitafuta sayari za aina fulani, hakupata hata moja. Anaandika: hazipo. Hapana. Tuseme kweli ziko kwenye nyota 1 katika 10. Uwezekano wa kuzikosa zote 30 ni 0.9 zidisha yenyewe mara 30, na jibu ni kama asilimia 4. Kwa hiyo alichoruhusiwa kusema ni kwamba huenda hazizidi asilimia 10. Njia ya mkato ni kugawanya 3 kwa idadi uliyotazama: 3 kwa 30, moja ya kumi. Ukitazama 300, asilimia 1. Sifuri ni kipimo kamili, kina kikomo chake, na usikifute.

Moja ni gumu zaidi. Tulizoea kwamba kosa la hesabu ya matukio ni kipeuo cha pili cha idadi, yaani shina lake la mraba: ukihesabu 100, jumlisha au toa 10. Ukihesabu 1 unaambiwa jumlisha au toa 1, maana yake huenda kiwango cha kweli ni sifuri. Lakini kitu umeshakiona! Hakiwezi kuwa sifuri. Kwenye idadi ndogo mizani haiko sawa pande mbili, inaelemea juu. Aliyehesabu 3 anapaswa kuruhusu kuanzia 1.4 mpaka 5.9, na hapo bado anaweza kukosa mara moja katika tatu.

Mfano hai ni wa tarehe 17 Agosti 2017, siku mitambo ya mawimbi ya uvutano iliponasa nyota mbili za nutroni, yaani viini vizito vilivyobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, zikigongana. Tukio moja. Kutoka hapo watafiti walikadiria ni migongano mingapi kwa mwaka ndani ya mchemraba wa anga wenye upande wa miaka-nuru bilioni 3.26, na mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja. Walisema 1,540, na hapohapo wakaandika mipaka: kuanzia 320 hadi 4,740. Walikuwa waungwana. Miaka minne baadaye, baada ya kusikiliza muda mrefu zaidi, makadirio yao yalikuwa kati ya 10 na 1,700. Angalieni 1,540 imeangukia wapi: karibu na dari. Aliyeikariri ile namba ya katikati akaacha mabano, alibeba ganda la korosho. Tena lile tukio la kwanza lilikuwa karibu nasi mno kwa viwango vya anga, na hii ni tabia ya vya kwanza: hututokea mapema kwa sababu vina bahati, halafu tunashangaa wenzake wanachelewa.

Mwalimu mmoja amenitazama kwa jicho la kusema: basi tusiseme lolote mpaka tupate elfu? La. Nisikilizeni hiki.

Februari 23, 1987, nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka-nuru 168,000 hivi. Saa chache kabla mwanga haujaonekana, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi ilinasa nutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu. Kamiokande ya Japani ilipata 11. IMB ya Marekani 8. Baksan, kwa Wasovieti, 5. Jumla 24, na hizo 24 zilithibitisha kwamba kiini cha nyota kubwa hujikunja chenyewe na kumwaga nguvu zake karibu zote kwa njia ya nutrino. Zilitosha kwa nini? Kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa kabla. Nadharia ilikuwa imesema nguvu kiasi gani na muda wa sekunde ngapi, mitambo haikuelekezwa na mtu baada ya tukio, na mitambo mitatu iliyokuwa mbalimbali ilishtuka wakati mmoja. Hapo wachache walitoa ushahidi wa kutosha.

Lakini watu hawakuishia hapo. Kamiokande ilipata nutrino 8 ndani ya sekunde 2, kisha kimya cha sekunde 7 na ushei, kisha 3 za mwisho. Wakaanza kuandika: pengo! Kumetokea nini ndani ya nyota katika sekunde hizo saba? Ukichukua za IMB, ukapanga saa zote mbili zianzie kwenye nutrino ya kwanza, tatu za mwisho za IMB zinaanguka ndani ya pengo lilelile. Saa ya Kamiokande yenyewe ilikuwa na shaka ya kama dakika nzima, kwa hiyo upangaji huo ni wa kudhania, lakini chembe 11 zikitawanywa ovyo zitaacha mapengo tu, kama sarafu zenu zilivyoacha mikupuo. Data ileile moja ilitosha kwa swali lililotangulia, haikutosha kwa swali lililozaliwa na data yenyewe.

Nimalizie na jambo la hapa. Kila mwezi wa Kiislamu unapokaribia kuisha, watu wa pwani wanatoka kuutazama mwezi mwandamo. Sizungumzii hukumu ya sharia, hiyo ina wenyewe, na mashehe wako hapa. Nazungumzia kumbukumbu tunazoweka. Kwa astronomia, swali la hilali changa kiasi gani inaweza kuonekana kwa macho ni la zamani, na majibu yake yamesimama juu ya ripoti chache. Mfaransa André Danjon, miaka ya 1930, alifikia kwamba mwezi ulio chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye Jua hauonekani kabisa. Rekodi inayotajwa sana ya macho matupu ni ya Stephen O'Meara, Mei 1990: hilali ya saa 15 na dakika 32.

Tazameni maradhi yote mawili yalivyokaa humo. Anayeuona mwezi anaripoti. Asiyeuona anakwenda kula. Kwa hiyo daftari zimejaa walioona, na waliotazama anga safi wasione hawamo, ingawa ndio wanaotuambia mpaka uko wapi. Upande wa pili, tuseme kila mtazamaji ana nafasi 1 katika 1,000 ya kudanganywa na ukwaruzo wa wingu au moshi wa ndege. Wakitoka 1,000 kutazama, uwezekano wa angalau mmoja kuapa kwa nia njema kabisa kwamba ameuona ni asilimia 63, hata kama mwezi haupo. Macho mengi yanaongeza ushahidi na yanaongeza sarafu.

Tanga ina la ziada. Hilali inatua magharibi, na magharibi kwenu ni nchi kavu, upande wa Muheza na milima ya Usambara. Bahari iko mgongoni. Mchana wa jua ukisha, ukungu na moshi wa mashamba vinakaa palepale mnapotazama. Ripoti za Tanga na za mji ambao jua linatua baharini zisichanganywe kama kitu kimoja.

Hivyo nimeongea na walimu, na shule mbili zimekubali kufungua daftari. Kila jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, wanafunzi wataandika walisimama wapi, jua lilizama saa ngapi, wingu lilifunika kiasi gani upande wa magharibi, walitazama kwa macho au kwa darubini, wangapi walitazama, wangapi waliona, na saa ngapi hasa. Kila anayetazama aandike peke yake kabla hajamuuliza jirani. Jioni ambayo hakuna aliyeona iandikwe kwa ukamilifu uleule, na jioni ya mvua iandikwe mvua. Shule ya tatu ikitaka, mwalimu wa fizikia aliyekaa pale dirishani anazo fomu, na ni karatasi moja tu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni maswali, na mlioazima sarafu rudisheni.